Tupeane uzoefu: Hadithi za mapenzi zinazotuumiza moyo, nasi tukazirudia

Mwanzisha mada

Ndugu wasomaji, kwa miaka mingi niliona haya kukiri kwamba hadithi za mapenzi ninazozipenda kupita zote si zile ambazo wapendanao hupatana mapema, bali zile ambazo hutengana kwa sababu ya neno moja lililomezwa, wakateseka kwa sura ishirini, kisha wakakutana wakiwa hawana tena nguvu ya kujifanya. Usiku wa juzi nilirudia kwa mara ya nne sura ambayo mume anaikuta barua aliyoandikiwa na mkewe miaka mingi nyuma, barua ambayo haikutumwa kamwe, nami nikalia mahali palepale nilipolia mara ya kwanza, ingawa nilijua kila sentensi itakayofuata. Naomba tupeane uzoefu: ni hadithi ya namna gani iliyokushika hivyo, na ilikukuta katika hali gani?

Mchangiaji wa kwanza

Mimi zilinikuta uchumba wangu ukiwa umevunjika. Mwenzangu aliondoka bila maelezo, na kilichoniuma kuliko kuachwa kwenyewe ni kutojua kama aliwahi hata kutambua alichonifanyia. Miezi ile nilisoma riwaya za majonzi moja baada ya nyingine, na baada ya muda nikagundua kwamba nilikuwa nikiruka mabusu na harusi, nikitafuta ukurasa mmoja tu: ule ambao aliyeumiza anakuja kujua kiasi cha maumivu aliyosababisha, ama kwa kusikia mazungumzo nyuma ya mlango, ama kwa kusoma shajara, ama kwa kumkuta mwenzake kitandani, ana homa, akiweweseka kwa kulitaja jina lake. Katika maisha ukurasa huo mara nyingi haupo. Katika riwaya hizi ni deni la mwandishi, na asiyelilipa wasomaji hawamsamehe.

Mchangiaji wa pili

Nakiri kosa langu: mimi husoma sura ya mwisho kwanza. Nikishajua kwamba watapatana, mateso yote ya katikati huyapokea kwa raha kabisa.

Mchangiaji wa tatu

Wahenga husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Nadhani utamu wa hadithi hizi umo humo, kwa kuwa sisi wasomaji tunakisikia kikohozi tangu sura ya pili, ilhali anayependwa hasikii kitu hadi ya thelathini. Niliwahi kufuatilia simulizi iliyotolewa sehemu moja kila wiki, na kila "itaendelea" ilinikuta nimeishika simu kwa mikono miwili, nikimsihi mhusika kwa sauti afungue kinywa aseme. Mdogo wangu aliwahi kuingia chumbani akauliza nagombana na nani.

Mchangiaji wa nne

Hatukuanza sisi. Samuel Richardson alipokuwa akiitoa riwaya yake Clarissa kwa mafungu nchini Uingereza, kati ya 1747 na 1748, wasomaji walimwandikia wakimsihi amwokoe mhusika wake, na mmoja wao, Lady Bradshaigh, alijificha nyuma ya jina la Belfour ili kumwombea mwisho mwema. Richardson hakukubali. Mimi nami nilimtumia mwandishi wa simulizi ujumbe wa aina hiyo saa nane za usiku, naye akanijibu kwa neno moja: "Vumilia." Nilinuna siku mbili.

Mchangiaji wa tano

Niruhusuni nitofautiane nanyi kidogo. Nilizisoma hadithi hizi tangu utotoni, zikanifundisha kwamba mtu mkavu, asiyejibu, anayekukatisha maneno mbele za watu, ndiye mwenye penzi zito kuliko wote, na kwamba kazi yangu ni kusubiri hadi sura ambayo atalia. Nilisubiri miaka minne katika uhusiano wa namna hiyo. Ukimya wake haukuficha kitu; ulikuwa ukimya tu. Bado nazisoma, sitawadanganya, lakini mhusika akianza kutesa mwenzake na mwandishi akaniomba nimhurumie yule mtesaji, huwa nafunga kitabu.

Mwanzisha mada

Mchangiaji wa tano, maneno yako yamenirudisha kwenye ile barua. Mara zote nne nilimlilia mume anayeisoma, wala sikujiuliza kwa nini mke hakuituma. Asubuhi hii nimeifungua tena sura ya saba, ambayo huipita haraka kwa sababu haina tukio: mke alijaribu kuzungumza naye mara mbili, na mara zote mbili mume alimjibu kwamba amechoka.