Naomba ushauri: namna ya kufundisha tofauti ya "lend" na "borrow"

Ndugu walimu na wapenzi wa lugha, ninafundisha Kiingereza kidato cha kwanza hapa Mwanza, na ninaomba ushauri kuhusu vitenzi "lend" na "borrow", ambavyo wanafunzi huvichanganya kwa sababu kuazima kwetu hubeba pande zote mbili: mvuvi wa Kirumba husema "nimeazima wavu kwa mjomba" na pia "mjomba ameniazima wavu".

Kwa Kiingereza, anayetoa ndiye mtendaji wa "lend", na kitenzi hicho hukubali shamirisho mbili (mpokeaji na kitu anachopewa), kama katika "He lent me a net". Anayepokea ndiye mtendaji wa "borrow", na mtoaji hutanguliwa na "from", yaani "I borrowed a net from him". Inayonisumbua zaidi ni sentensi "Borrow me your pen", kwani wanafunzi huelewana vizuri wanapoitumia, hivyo hawaoni kosa lake.

Je, nianze na maana au na muundo wa sentensi? Mimi naegemea muundo, kwa kuwa "from" humtambulisha mtoaji waziwazi. Aidha, Wamarekani hutumia sana "loan" kama kitenzi chenye maana ya "lend". Nilitaje mapema, au nisubiri hadi hivi viwili vikae sawa?