Mfanyabiashara anataka kukichangia chama milioni 2. Tupokee?

Mhazini_Tawi: Hamjambo ndugu. Chama chetu ni kidogo, na kwa mwaka matumizi yote ni kama shilingi milioni 12. Mfanyabiashara mmoja anataka kutupa milioni 2 taslimu, pamoja na pikapu mbili za kuzungukia wadi kwa mwezi mzima. Hajadai chochote, ila anajulikana kwa tenda za barabara za kaunti. Nusu ya kamati inataka tupokee. Nusu inasema chama kiishi kwa ada za wanachama na fedha za Hazina ya Vyama vya Kisiasa, ule mfuko wa serikali wa kufadhili vyama, basi. Sheria ya Kenya inasemaje? Na ni haki kweli chama kulishwa na mtu mmoja?

Karani_wa_Vitabu: Milioni 2 haziingii. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011, kifungu cha 28, inamzuia mtu au shirika kutoa kwa mwaka mmoja zaidi ya asilimia 5 ya matumizi yote ya chama. Kwenu ni 600,000. Na pikapu zimo humo humo, maana vitu vinahesabiwa sawa na pesa. Mkizikadiria kwa bei ya kukodi, tuseme 10,000 kila moja kwa siku, siku 30 ni 600,000 kamili. Hapo hata shilingi ya taslimu haina nafasi.

Wahazini wengi huteleza papo hapo. Gari, ukumbi, fulana na mabango haviandikwi popote kwa kuwa "si pesa", halafu mkaguzi anakuta mikutano ilifanyika wadi zote na hakuna risiti moja ya mafuta.

Mkichukua kilicho ndani ya kiwango, kipite benki au paybill (nambari ya malipo kwa simu) ya chama, kamwe kisipite simu ya mwenyekiti. Andikeni risiti yenye jina kamili, nambari ya kitambulisho, tarehe na thamani. Kwa pikapu, pateni barua ya mwenye gari, na bei ya kukodi iliyoandikwa na mtu mwingine asiyehusika. Raia wa kigeni, serikali za nje na NGO hawaruhusiwi kuchangia. Chama rafiki cha nje kinaweza kutoa msaada wa kiufundi tu, nao usiwe mali. Mwaka wa fedha ukifungwa Juni, mna siku 90 za kutangaza magazetini vyanzo vya fedha zenu, na hesabu ziende kwa Mkaguzi Mkuu.

Mwanawadi: Mimi ningefuta michango ya matajiri kabisa. Mwenye tenda za barabara hampi mtu pikapu kwa mapenzi. Sheria inataka Hazina ya Vyama ipewe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Ingetolewa yote, nani angehitaji kumpigia magoti mkandarasi?

Bi_Sheria: Mwanawadi, hofu yako ni ya haki, ila tazama fedha hizo zinavyogawanywa. Tangu marekebisho ya 2022, asilimia 70 hufuata kura, 15 hufuata waliochaguliwa kutoka makundi maalum kama wanawake na vijana, 10 hufuata idadi ya waliochaguliwa kwa jumla, na 5 ni ya uendeshaji. Kura zenyewe hujumlishwa za rais, wabunge, magavana na MCA (wawakilishi wa wadi) za uchaguzi uliopita. Chama kilichozaliwa mwaka mmoja baada ya uchaguzi hakina hata kura moja ya kuhesabiwa, kwa hiyo hakipati kitu mpaka uchaguzi ujao. Ukifuta michango, umewafungia wapya mlango na kuwaachia wakubwa uwanja. Tena Hazina Kuu, yaani wizara ya fedha, imekuwa ikitoa pungufu ya hiyo 0.3 miaka nenda miaka rudi. Chama kinachomtegemea waziri wa fedha nacho kina bwana wake.

Ninachokiona cha haki ni mchango mdogo wenye jina. Ujerumani serikali huongeza senti 45 kwa kila yuro 1 ya ada au mchango wa mtu binafsi, hadi yuro 3,300 kwa mtu kwa mwaka, na ruzuku yote haiwezi kuzidi mapato ya chama chenyewe. Chama kinalazimika kuwatafuta wanachama. Sisi mfumo wetu haumpi mhazini sababu ya kumfuata mama muuza samaki mwenye shilingi 100, na hilo linaniuma.

Mwanawadi: Hapo nakubali. Lakini fedha nyingi hazipiti chamani hata kidogo, zinakwenda kwa mwaniaji moja kwa moja.

Bi_Sheria: Ndiyo, na hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ipo tangu 2013, lakini utekelezaji uliahirishwa kabla ya uchaguzi wa 2017. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza viwango vya juu vya matumizi, cha urais kikiwa takriban bilioni 4.4, Bunge likavikataa. Kwa hiyo Mhazini anabanwa na 600,000 huku mwaniaji wake akimwaga mamilioni bila daftari.

Mhazini_Tawi: Nimeelewa. Vipi akigawa hizo milioni 2 kwa majina manne, yeye, mke, shemeji na kampuni yake?

Karani_wa_Vitabu: Msikubali. Fedha ni za mtu mmoja, na mtakuwa mmetangaza vyanzo vya uongo kwa sahihi yako wewe, si yake. Akitoa hundi nne siku moja kutoka akaunti moja, taarifa ya benki itasema yote. Mjibuni kwa barua: mtapokea pikapu moja kwa siku 30 na taslimu 300,000, jina lake litachapishwa gazetini, na kiti cha kamati ya fedha hatapewa.