Ninaomba ushauri: niache kazi ya kiwandani Mwanza niende kuendesha baiskeli za mashindano nje ya nchi?

Mwendesha wa Nyakato (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni kijana wa hapa Mwanza, nina mke na mtoto mmoja, na nimeajiriwa kwa mkataba wa kudumu katika kiwanda cha kusindika minofu ya sangara. Nimekulia katika mashindano ya baiskeli ya Kanda ya Ziwa, yale ya baiskeli nzito zisizo na gia ambazo tunazifungua karia, madigadi na stendi ili zipungue uzito kabla ya kupanga mstari. Septemba 2025 nilikwenda Kigali kutazama Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na nilipomwona Tadej Pogačar akiwaacha wenzake katika mbio za kilomita 267.5 sikuweza tena kuridhika na nilipo. Nilitafuta baiskeli ya gia ya mtumba na kuanza kufanya mazoezi kwa bidii, na sasa kuna timu moja ya nje ambayo iko tayari kunipokea. Ninachoomba ni ushauri kuhusu kazi: niandike barua ya kuacha kabisa, au niombe likizo isiyo na malipo? Nifanye nini pia ili mke wangu anielewe? Muda walionipa ni mfupi na usingizi umekuwa shida.

Mama wa Igoma
Mwanangu, pole kwa mawazo. Kabla ya barua ya mwajiri, kaa na mke wako umweleze yote, kwa sababu atakayebaki na mtoto mwenye homa usiku ni yeye. Nimeona nyumba nyingi zikivunjika, na umaskini haukuwa sababu. Sababu ilikuwa mume kupanga safari na marafiki zake huku mke akizisikia habari hizo kwa jirani.

Mzee wa Mwaloni
Kijana, umenikumbusha mbali. Sisi tulibeba samaki kwa baiskeli alfajiri kutoka Kayenze hadi mjini, tenga limefungwa nyuma kwa mipira ya tyubu, na barabara wakati huo ilikuwa vumbi tupu. Ukichelewa, samaki analegea na bei inashuka, kwa hiyo tulikuwa tunakimbizana kila siku bila kombe wala mpiga picha. Miguu ya Wasukuma haijaanza leo. Nenda, usiogope.

Fundi Cheni
Shikamoo Mzee. Mleta mada, naomba niulize mambo ambayo hukuyaandika. Timu hiyo ni ya ngazi gani? Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, linaziweka timu za kulipwa za barabarani katika ngazi tatu. Mbili za juu zina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa, lakini ya tatu, yaani timu za bara, haina kima hicho, na wapo vijana wanaoendesha huko kwa posho ya chakula na malazi peke yake. Pili, mkataba umeuona kwa macho yako? Tatu, una umri gani?

Mwendesha wa Nyakato
Asante, mkuu. Timu ni ya ngazi hiyo ya tatu, na ninaingia katika kikosi chake cha vijana. Mshahara haupo kwa mwaka wa kwanza. Kuna posho na mahali pa kulala. Rasimu ya mkataba ninayo kwenye simu. Kuhusu kazi, je, kuna mtu anayejua kama michango yangu ya NSSF itaathirika nikiomba likizo badala ya kuacha?

Ngosha Mstaarabu
Ukifika huko usitusahau. Utuletee jezi ya kijani kama ile ya Biniam Girmay, tuivae mtaani siku ya Nanenane. Yule kijana wa Asmara alishinda hatua tatu, yaani mbio za siku tatu tofauti, ndani ya Tour de France ya mwaka 2024 na kuondoka na jezi hiyo ya mwenye pointi nyingi, na hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hata hatua moja kabla yake. Kama Eritrea wameweza, Usukumani tunashindwa nini?

Fundi Cheni
Girmay hakuokotwa barabarani, ndugu yangu. Eritrea wana mashindano ya barabarani kila wakati, tangu utotoni, na yeye alipitia kituo cha mafunzo cha UCI kule Aigle, Uswisi, kabla ya timu kubwa kumchukua. Mleta mada, umejibu maswali mawili na kuruka la tatu. Umesema kikosi cha vijana. Daraja la vijana chini ya miaka 23 ni kwa wenye miaka 19 hadi 22, na UCI huhesabu kwa mwaka wa kuzaliwa, bila kujali mwezi. Una umri gani?

Mwendesha wa Nyakato
Umri si tatizo, mkuu, suala hilo linashughulikiwa.

Mama wa Igoma
Linashughulikiwa na nani? Umri wa mtu haushughulikiwi, mwanangu. Ulizaliwa lini?

Mwendesha wa Nyakato
Sawa, nitasema. Nina miaka 25. Wakala aliyeniunganisha na timu ameniambia kwamba atanisaidia kupata cheti kipya cha kuzaliwa kinachoonyesha miaka 21, nami nimeshajaza fomu kwa mwaka huo mpya. Naomba msinihukumu. Wanasoka wangapi wamefanya hivyo na leo wanajenga maghorofa? Mimi simwibii mtu. Miguu ni yangu na mazoezi ni yangu, ninaamka kabla ya adhana kwenda Magu na kurudi ili niwahi zamu. Kosa langu ni kuzaliwa mahali ambapo baiskeli ya gia niliigusa nikiwa mtu mzima. Nimeshachukua pia mkopo wa SACCOS kwa ajili ya maandalizi, kwa hiyo kurudi nyuma si jambo jepesi.

Karani wa Kirumba
Nimefanya kazi za nyaraka kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba uniamini. Namba yako ya NIDA ina mwaka wako halisi wa kuzaliwa mwanzoni kabisa, na alama za vidole vyako zimefungwa kwenye namba hiyo. Hati ya kusafiria inaombwa kwa namba hiyo hiyo. Cheti kipya kitagongana na kila kitu ulichonacho, kuanzia kadi ya NSSF hadi vyeti vya shule, na siku kitakapogongana utakuwa mbele ya afisa uhamiaji wewe peke yako, wakala hayupo.

Ngosha Mstaarabu
Mbona ninyi mnamkatisha tamaa? Wazungu wenyewe wanadanganya. Lance Armstrong wa Marekani alitumia dawa zilizokatazwa na kudanganya dunia nzima.

Fundi Cheni
Naye alivuliwa mataji yake yote saba ya Tour de France mwaka 2012, kwa hiyo mfano huo haumsaidii kijana wetu. Mimi nataka aone jambo jingine. Primož Roglič wa Slovenia alikuwa mrukaji wa skii, akaingia kwenye baiskeli akiwa na miaka 22, akaanzia katika timu ya ngazi ya tatu, na baadaye akashinda Vuelta, mashindano makubwa ya Hispania, mara nne na Giro ya Italia ya mwaka 2023. Michael Woods wa Kanada alikuwa mkimbiaji wa riadha, na aliingia katika timu ya ngazi ya juu akikaribia miaka 30. Hakuna kati yao aliyebadilisha mwaka wa kuzaliwa. Mtu wa miaka 25 anaendesha katika daraja la wakubwa na timu ya bara inaruhusiwa kumsajili. Sasa huyu wakala, kama anajua kazi yake, kwa nini hakukwambia hilo? Ninaumia kuona kijana anayeweza kuingia mlangoni akisukumwa apitie dirishani.

Jicho la Busisi
Wakuu, nimesoma uzi huu tangu mwanzo na ninaomba nitofautiane nanyi. Hadithi hii imetungwa. Mtu anatoka kwenye baiskeli zisizo na gia, ananunua mtumba, na papo hapo timu ya nje inamtaka? Nyuzi za namna hii huwa ni chambo. Leo anaomba ushauri, kesho atakuja mwenzake kusema kwamba naye ameunganishwa na wakala huyo huyo na amefanikiwa, na keshokutwa vijana wetu wanatuma fedha. Mleta mada, kama wewe ni mwendeshaji kweli, tueleze ilikuwaje siku ya kwanza ulipoendesha ndani ya kundi kwa baiskeli ya gia.

Mzee wa Mwaloni
Swali zuri. Na hata mimi sasa nimeingiwa na shaka.

Mwendesha wa Nyakato
Imeniuma kuitwa tapeli, lakini nitajibu. Siku hiyo tulitoka Igoma na wageni waliokuja kufanya mazoezi, tukapita Kisesa kuelekea Magu. Kwenye taa nilianguka nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuzoea viatu vinavyojifunga kwenye pedeli na nilisahau kukizungusha kisigino kutoa mguu. Tulipotoka kwenye nyumba, upepo wa ziwa ukatupiga kutoka kushoto, na wenzangu wakajipanga mshazari wakiitanua barabara, kila mmoja amejificha upande wa kulia wa aliye mbele yake. Mimi nikabaki nyuma moja kwa moja kama nilivyozoea, nikawa ninaumeza upepo wote bila kujua kwa nini ninachoka. Kwenye mwinuko nikabadilisha gia huku nikikanyaga kwa nguvu zote, cheni ikatoka na kunasa kati ya gia ndogo na fremu, rangi ya fremu ikachunika hadi chuma. Alama hiyo ipo hadi leo. Kuhusu timu kunijua, wakala alinipima kwa baiskeli ya ndani yenye kipimo cha nguvu. Nilishikilia wati 4.9 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika 20.

Fundi Cheni
Jicho la Busisi, huyu ameendesha. Habari ya cheni kunasa haiandikwi na mtu aliyekaa ofisini. Na takwimu aliyotoa ni ya kuaminika kwa sababu haijakuzwa: wapanda milima bora wa dunia hupita wati 6 kwa kilo kwa muda kama huo, kwa hiyo mwongo angeandika namba ya kutisha. Kijana, kiwango chako kinatosha kujaribu ngazi ya tatu na hakikuhakikishii chochote zaidi ya hapo. Andika kwa timu yenyewe, si kwa wakala, ueleze mwaka wako wa kweli. Omba wakuthibitishie kwa maandishi nani analipa bima ya ajali, matibabu na tiketi ya kurudi. Mchezo huu unaua: Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha mwenye uzoefu, alifariki kwa ajali katika mashindano kule Vermont, Marekani, Agosti 2022. Kisha nenda kwenye Chama cha Baiskeli Tanzania, kwa kuwa leseni ya kimataifa hupitia kwenye chama cha nchi na haitolewi na wakala.

Jicho la Busisi
Kuhusu kuendesha, nimekubali na ninamwomba radhi. Kuhusu wakala, bado sijasikia kitu cha kunituliza.

Mwendesha wa Nyakato
Nimempigia wakala muda huu. Anasema kwa mwaka halisi nafasi haipo, na kwamba nisiwaandikie timu moja kwa moja kwa sababu nitaharibu mambo. Ameongeza kuwa ada ya usajili na dhamana ya baiskeli hairudishwi. Mimi bado naona huenda ni utaratibu wao.

Karani wa Kirumba
Ada gani? Hukutuambia kwamba umeshalipa.

Mwendesha wa Nyakato
Nimelipa nusu, kutoka kwenye ule mkopo. Nusu nyingine nilitakiwa kuituma Ijumaa.

Fundi Cheni
Timu ndiyo humpa mwendeshaji baiskeli na mavazi, ndugu yangu; mwendeshaji hawekei dhamana. Usitume hiyo nusu ya pili, na barua ya kazi usiiandike wiki hii.

Mama wa Igoma
Mke wako anajua kuhusu mkopo?

Mwendesha wa Nyakato
Anajua nimekopa. Anadhani ni kwa ajili ya kupaua nyumba.

Karani wa Kirumba
Mwambie leo, kabla wadhamini wako hawajamwambia. Ujumbe wa muamala usiufute, na namba ya wakala usiifungie. Piga picha fomu uliyojaza na rasimu ya mkataba, kisha kesho asubuhi nenda navyo kituo cha polisi ukatoe taarifa. Fomu hiyo ina mwaka usio wako, kwa hiyo uwaeleze mwenyewe ilivyojazwa kabla hawajakuuliza.