Madizaina wa logo, acheni kuwaumiza akina mama wa biashara ndogo!

Wakuu, nina hasira na leo namwaga zote hapa.

Nachapa fulana, lebo, mihuri na mabango hapa Kariakoo, huu mwaka wa 9. Karibu kila wiki nabeba lawama za kazi mbovu mliyoifanya nyie.

Juzi kaja mama mmoja anayetengeneza siagi ya karanga. Anataka fulana 20 za kudarizi, lebo za makopo na muhuri, anajiandaa na maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Logo katumiwa WhatsApp, JPG ya KB 60. Kalipia 120,000. Naifungua: kuna mwanamke kajifunga kitenge, kuna kinu, kuna karanga, kuna jua linachomoza na miale yake. Jina limeandikwa kwa mwandiko wa kulala, mwembamba kama uzi, na chini yake kauli mbiu ya maneno 7. Rangi sikuweza hata kuzihesabu, maana njano inayeyukia kwenye kahawia.

Hiyo naidarizi vipi? Mashine inashona uzi, rangi ya kufifia haiiwezi, na herufi ya milimita 2 inakuwa donge. Kuchapa kwa skrini, yaani kusukuma wino kupitia wavu wa fremu, kila rangi inataka fremu yake, na kila fremu ni hela ya mteja. Muhuri wenyewe rangi moja tu. Kwenye kifuniko cha kopo yule mwanamke wa kitenge anabaki doa.

Nilipomweleza akanigeukia mimi: "Kaka, yule kijana alisema iko tayari kwa kila kitu. Wewe ndiye hujui kazi." Simlaumu. Katoa akiba yake, kaonyeshwa logo imepachikwa kwenye picha ya kopo zuri, akaamini.

Tukampigia dizaina. Anataka 50,000 nyingine ndipo atoe faili la vekta! Hapo damu ilinichemka. Vekta ni mistari inayokokotolewa: ikuze iwe bango la ghorofa, ipunguze iwe kifungo, haipasuki. JPG ni vinukta vya idadi maalumu, ukiikuza tu inapasuka. Kumpa mtu JPG ukabaki na vekta ni kumuuzia kiwanja ukabaki na hati.

Halafu ile miale ya jua naijua. Mwezi wa 3 niliichapa kwenye mifuko ya unga wa lishe ya mteja mwingine. Ni templeti ya mtandaoni, mchoro uliotengenezwa tayari, kabadilisha jina tu! Huyu mama akienda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kusajili alama yake ya biashara ataambiwa nini, wakati alama inatakiwa itofautishe bidhaa yako na ya mwenzako? Alama ikisajiliwa inalindwa miaka 7, baada ya hapo unaihuisha kwa miaka 10 10. Na wafanyabiashara mjue, cheti cha jina la biashara hakilindi logo. Huo ni usajili mwingine kabisa.

Mtasema mteja ndiye alitaka vitu vingi. Ndiyo, alitaka, na kazi yako ilikuwa kumkatalia. Apple, wale wa kompyuta na simu, walianza mwaka 1976 na mchoro wa mwanasayansi Newton kakaa chini ya mti, maandishi yamezunguka fremu. Mwaka 1977 dizaina Rob Janoff akachora tufaha tu, limemegwa, ili hata likiwa dogo lisidhaniwe cheri. Yaani hadi ule mmego ulifikiriwa kwa ajili ya udogo! Nyie mnafikiria udogo lini? Twiga wa Air Tanzania unamtambua ndege ikiwa bado angani juu ya Kipawa.

Jana nimekaa hadi saa 8 usiku nikimchorea upya: kinu na karanga moja, rangi mbili, herufi nene. Nikaichapa nyeusi tupu kwa upana wa sentimita 2, jina linasomeka. Mafaili yote nimemwekea kwenye flashi, sijamtoza hata mia. Kesho asubuhi anakuja kuchagua uzi.

Ila 120,000 yake haijarudi, na dizaina kashatublock wote wawili. Kijana, kama umo humu unajijua. Mrudishie mama hela yake.