Kupima udongo kabla ya septiki: ndoo moja, kulowesha usiku kucha, au shimo refu?

Mjenzi_Mpya
Wadau, nisaidieni kabla sijatupa hela. Mafundi watatu, majibu matatu. Wa kwanza: chimba kishimo, mwaga ndoo ya maji, yakipotea upesi endelea na kazi. Wa pili anataka kishimo kiloweshwe usiku kucha ndipo tupime kwa saa. Wa tatu anasema hayo yote ni mchezo wa maji, tuchimbe mita 2 tuusome udongo kwa macho. Nimfuate nani?

Sululu
Si wa ndoo. Mfinyanzi ukikauka hupasuka, maji yanapita kwenye nyufa unadhani yamenyonywa. Ukilowa unavimba, nyufa zinajifunga. Na mfereji unaopeleka maji ya septiki udongoni haukauki. Mimi nilipima kiangazi kwa ndoo nikashangilia. Masika yalipoingia, maji yakaanza kububujika juu ya majani, na harufu yake jirani ananikumbusha hadi leo.

Mama_Kokoto
Wa pili. Utaratibu wa Uingereza ndio ninaoutumia: chimba hadi usawa ambao bomba la mfereji litapita, kisha chini yake kishimo cha sm 30 kwa 30, kina sm 30. Kwaruza kuta kwa msumari, maana koleo hulainisha mfinyanzi kama lipu na maji hayapenyi. Jaza, acha yanywewe usiku kucha. Kesho yake jaza tena, hesabu sekunde maji yakishuka kutoka robo tatu ya kishimo hadi robo, gawa kwa 150 (hizo ni mm zilizoshuka). Rudia mara tatu, vishimo viwili au zaidi, chukua wastani. Jibu ni sekunde kwa kila mm: likiwa kati ya 12 na 100, unaweza kujenga mifereji. Zaidi ya 100 maji yatasimama. Chini ya 12 watu hufurahi, kumbe ndiyo hatari: uchafu unafika maji ya ardhini kabla haujachujwa.

Tabaka
Mama Kokoto, sikupingi, ila saa yako inapima leo tu. Shimo refu lina kumbukumbu. Ukiona madoa ya kijivu yaliyochanganyika na rangi ya kutu, maji husimama hapo msimu wa mvua, hata kama leo pakavu. Mwamba nao utauona. Mjenzi, usishuke humo peke yako, kuta huporomoka bila kubisha hodi. Acha udongo uletwe juu, ulowanishe kidogo, usukume kati ya kidole gumba na cha shahada hadi utoke kama utepe. Utepe ukipita sm 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi.

Mama_Kokoto
Kweli, lakini macho hayakupi ukubwa wa eneo. Namba inakupa: watu × sekunde × 0.25, unapata mita za mraba za sakafu ya mifereji.

Mjenzi_Mpya
Nimerudi. Nimefanya yote matatu, mgongo hauna hamu. Shimo refu halina madoa. Kishimo kikavu, kabla ya kulowesha: dakika 50, yaani sekunde 20 kwa mm. Baada ya usiku: wastani saa 3 na dakika 45. Sekunde 90!

Sululu
Unaona? Kwa watu 5, ndoo ingekudanganya uchimbe mita 25 za mraba. Udongo unataka 112.5.

Mjenzi_Mpya
Nyuma ya nyumba nina mita 8 kwa 12 tu.

Mama_Kokoto
96. Kwa tangi la kawaida haitoshi. Ukiweka mtambo unaosafisha maji zaidi kabla hayajafika mferejini, kizidisho kinashuka hadi 0.20, unahitaji 90. Lakini hiyo 96 umeondoa umbali wa kutoka ukutani na kwenye mpaka?

Mjenzi_Mpya
...Naenda kuchukua futi.