MREJESHO: Nilikwama kuandika shairi la harusi ya binti yangu

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita niliwaomba msaada: harusi ya binti yangu imekaribia, nataka kumsomea shairi, na karatasi ni nyeupe. Wengi mliniambia niache kulazimisha, kwanza nisome waliotangulia. Mmoja akasisitiza ninakili Utendi wa Mwana Kupona, lile shairi refu la mama akimuusia bintiye, kwa mkono, si kusoma tu.

Nilimcheka kimoyomoyo. Kunakili kama mtoto wa darasa la tatu? Lakini nilianza, beti tano kila usiku. Kufika usiku wa nne vidole vilishazoea mizani nane (silabi nane kila kipande) kabla ya kichwa: vipande vitatu vinagongana vina, cha nne kinarudi kwenye "ya". Nikawa nahesabu mizani hata ndani ya daladala.

Kilichonigusa zaidi ni yule mama mwenyewe. Mjane wa Pate, mgonjwa, mwaka 1858, anamwita bintiye aketi karibu na wino na karatasi. Haanzi na maneno makubwa. Nami nikaacha kutafuta makubwa. Ubeti wangu wa kwanza unamkumbusha binti jinsi alivyokuwa akificha viatu vyangu nisiende kazini.

Mawaidha ya kumtii mume sikuyachukua, mnisamehe wazee. Nilichukua umbo na ule ukaribu.

Nimepata beti 14. Mbili zimepinda mizani, shangazi yake kaziona papo hapo. Harusi ni Jumamosi.