Kukodi ranchi ya kuwindia Texas, bei halali au napigwa?

mluguru_dallas: Wakuu habari. Kuna mzungu mmoja mtu mzima tunapiga naye kazi stoo, kanikaribisha kwenye ranchi wanayokodi kule Llano, ekari kama 1,100, wapo sita wanamtafuta wa saba. Mchango dola 1,800 kwa mwaka, mahindi ya kumwagia kulungu tunachangia pembeni. Sasa mimi nimekulia Kilosa, najua nyama pori ni mali ya serikali, unalipia kibali unaingia porini. Hapa namlipa mtu binafsi kwani kulungu kamzaa yeye? Na nikitoka kapa hela inarudi?

babu_houston: Hujapigwa mzee. Kulungu hata huku ni wa umma, msimu na leseni anapanga jimbo, ila Texas zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ina wenyewe kwa hiyo hapo unanunua geti tu, kulungu humo ndani ni bahati yako. Ukikosa umekosa. Ila uliza kama ni mwaka mzima kweli au Novemba mpaka Januari, mi mwaka wangu wa kwanza nilikubaliana na mtu kwa mdomo, Februari naenda kuchukua kibanda changu cha kuvizia nakuta kofuli jipya na simu hapokei. Dai karatasi.

dada_wa_tagi: Na leseni hiyo 1,800 haimo. Mkazi wa jimbo ni dola 25, inaisha 31 Agosti hata kama umeikata Julai. Ukiwa umezaliwa kuanzia 2 Septemba 1971 lazima na kozi ya usalama wa uwindaji. Kama uko kwa viza na huna grinkadi usiguse bunduki, hata ya kuazima, kabla hujashika hiyo leseni, hilo ni la serikali kuu sio la jimbo.

pangu_pakavu: 1,800 si ada ya mtoto hiyo jamani 😂 Kuna kibali cha dola 48 kwa mwaka unaingia maeneo ya umma, takriban ekari milioni jimbo zima. Utavaa rangi ya chungwa na utabanana na watu, ila mfuko unapumua.

mtanga_orijino: Mimi niko kwenye ranchi mwaka wa tatu. Lile pipa la mahindi lina taima, saa 12 na nusu asubuhi linalia krrrr mahindi yanaruka, nami kibandani nimeganda kwa baridi, wanaotangulia kufika nguruwe pori kumi na kitu wanafagia yote. Hao tangu 2019 kwenye shamba la mtu hawahitaji leseni, ruhusa ya mwenyewe tu. Sasa mimi na nguruwe wapi na wapi, napiga wenzangu wanabeba.

mluguru_dallas: Asanteni sana. Nimemuuliza, karatasi ipo kurasa nne, dume mmoja tu kwa kila mtu na mgeni haruhusiwi hata awe shemeji. Nalipa Ijumaa. Nani anauza friza?